Barua ya Wazi kwa Wawakilishi Wadi wa Mombasa: Njia ya Baharini Iandikwe Kabla ya Nyumba Kuuzwa

Kwa: Waheshimiwa Wawakilishi Wadi, Bunge la Kaunti ya Mombasa
Nakala: Tume ya Taifa ya Ardhi

MINT: NYUMBA ZA KIFAHARI ZENYE MAJINA YA HOTELI VISIWANI NA UFUONI

Waheshimiwa,



Nawaandikia nikiwa Liwatoni. Barua za namna hii huandikwa tingatinga likiwa limeshaingia, mabati yameshazungushwa na mlinzi ameshawekwa langoni. Hii nimeiandika mapema kwa makusudi. Sina ramani ya mradi wowote mkononi, wala simshitaki mtu. Hofu yangu ni biashara ambayo imeshaota mizizi Dubai na Ushelisheli, na ambayo jamaa zake wa karibu wameshafika Zanzibar. Sidhani kama itachelewa kuitupia macho Kilindini, Tudor, Mtwapa na visiwa vya jirani zetu wa Kwale na Lamu.

Biashara yenyewe inakwenda hivi. Mjenzi hupata kiwanja kizuri, kisha huenda kwa kampuni ya hoteli yenye jina kubwa duniani akalipia ruhusa ya kulitumia jina hilo. Mara nyingi hoteli haitoi senti ya ujenzi wala haimiliki hata tofali. Hulipwa asilimia fulani ya bei ya kila nyumba inayouzwa, halafu hulipwa tena mwaka hadi mwaka kwa kusimamia ulinzi, usafi, bustani na jiko. Mnunuzi hupata nyumba yenye hati yake, pamoja na shuka na watumishi wa hoteli. Asipokuwapo, nyumba huweza kupangishwa wageni na mapato yakagawanywa. Mambo haya si ya jana. Jengo la Sherry-Netherland la New York, la mwaka 1927, ndilo hutajwa kuwa la kwanza la aina hii. Ila siku hizi yanakwenda mbio, na yamehamia visiwani. Madalali wakubwa wa majumba husema jina la hoteli peke yake hupandisha bei kwa karibu thuluthi moja, ukilinganisha na nyumba ya kiwango hichohicho isiyo na jina.

Dubai, kampuni ya Bulgari ina hoteli na makazi juu ya Jumeira Bay, kisiwa kilichofanyizwa kwa kumwaga mchanga baharini na kuungwa na mji kwa daraja moja tu. Ushelisheli, hoteli ya Six Senses iko katika kisiwa cha Félicité, na pembeni mwake zikauzwa nyumba za kumiliki. Vijana wetu wanavijua visiwa vya namna hii kuliko tunavyodhani. Wametoka Majengo, Likoni na Kisauni wakaenda Ghuba kufanya kazi za ulinzi, usafi na jikoni, na wamevijua kutokea upande wa lango.

Naomba hapa tuelewane. Sina ugomvi na tajiri kujenga nyumba nzuri. Mji wa Kale ulijengwa na watu wenye nazo, na nyumba zao zina kuta nene na milango ya nakshi ambayo mpaka leo wageni huja kuipiga picha. Lakini tajiri yule alijenga uchochoroni, akaweka baraza nje ya mlango, na mpita njia akakaa juu yake bila kuomba ruhusa. Nyumba za kisiwani zinauzwa kwa sababu ya kinyume chake. Mtu hutoa mamilioni ili pasiwe na mpita njia, mchuuzi asimsemeshe, mtumbwi usitie nanga mbele ya dirisha lake. Tangazo linaposema faragha, lina maana kwamba kuna watu watakaoondolewa, au watakaozuiwa kuja, na mara nyingi watu hao walikuwa wakipita hapo tangu enzi za babu zao.

Jambo la pili ni la hesabu, na nawaomba mlitazame kwa makini kwa sababu ndilo linalofichwa na picha nzuri. Mwenye hoteli ya kawaida hupata faida yake polepole, kwa miaka mingi ya kupokea wageni. Akigombana na wavuvi, au maji taka yakimwagika ufuoni, wageni hukimbia na yeye huumia. Mwenye kuuza nyumba hupata faida yake siku ya mauzo, na mara nyingi huanza kupokea fedha za wanunuzi kabla jengo halijainuka. Nyumba ya mwisho ikishauzwa, sababu yake ya kuwajali watu wa Liwatoni inakuwa imekwisha. Hoteli yenye jina nayo iko pale kwa mkataba, na mkataba una tarehe ya mwisho. Siku jina likishushwa mlangoni, nani atatunza ukuta wa bahari? Nani atalipia mtambo wa maji taka? Maswali haya yajibiwe kwa maandishi kabla ya kibali, maana baada ya kibali hakuna wa kumuuliza.

Mfano wa karibu tunao. Ukisimama Fort Jesus ukatazama ng'ambo ya mlango wa bahari, unaiona English Point Marina: fleti za kuuzwa, hoteli na gati la mashua za starehe, vyote chini ya jina moja. Haikuwa na jina la kampuni kubwa ya kigeni, wala haiko kisiwani, lakini muundo ni huohuo. Ilisifiwa sana ilipofunguliwa, kisha deni la benki likazidi na ikawekwa chini ya mrasimu. Sitaji habari hii kwa kumcheka mtu, kwani biashara hufaulu na hufeli. Naitaja kwa sababu mradi ukifeli, ufuo uliokuwa umezungushwa ukuta haurudi wazi. Ukuta hubaki, na mwenye ukuta ndiye hubadilika.

Sasa niseme kwa nini naandika kutoka Liwatoni. Nyinyi mnapajua, lakini barua ya wazi husomwa na wengi. Ni ukingo wa Kilindini, unaotazamana na Likoni, mahali ambapo meli kubwa hupita karibu kiasi cha kusoma jina lake kwa macho. Kwenye kipande hiki kifupi vimekusanyika vitu vya kila tabaka. Kuna Mombasa Yacht Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1910, zama za Mwingereza. Kuna majengo ya serikali ya shughuli za samaki. Hapahapa, Novemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alizindua Kikosi cha Walinzi wa Pwani ya Kenya. Na ni hapa lilipowekwa daraja la kuelea la waenda kwa miguu kwenda Ras Bofu, upande wa Likoni, wakati wa korona, ili kupunguza msongamano wa feri. Daraja lile, lililoanza kutumiwa na umma Januari 2021, liligharimu takriban shilingi bilioni 1.9, na aliyevuka kwa miguu hakutozwa kitu, kama ambavyo hatozwi kwenye feri ya Likoni.

Hilo la kutotozwa nalipenda sana. Mombasa ni kisiwa, na kuingia na kutoka kisiwani humu kumekuwa ni haki ya mwenye kikapu cha samaki sawa na mwenye gari. Serikali zimepita, nyingine nzuri na nyingine za kutia aibu, na mpaka leo mwenda kwa miguu wa Likoni hatozwi nauli. Ndio maana nashangaa tunapoanza kuzungumza juu ya visiwa vya mtu mmoja kama vile ni jambo la kawaida katika bahari hii.

Sheria, kwa upande mmoja, iko nasi. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Ibara ya 65 inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya isipokuwa kwa kukodisha, na ukodishaji huo usizidi miaka 99; na kampuni haihesabiwi kuwa raia mpaka imilikiwe yote na raia. Sheria ya Ardhi nayo, baada ya marekebisho ya 2016, inaviweka viwanja vya safu ya kwanza na ya pili kutoka baharini katika kundi la ardhi inayodhibitiwa.

Lakini waulizeni wavuvi alama ya maji kujaa iko wapi. Watawajibu kwa swali: siku ya bamvua, bahari inapojaa sana, au siku ya maji mafu, inapojaa kidogo? Bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, na mahali penye ufuo wa taratibu tofauti hiyo ni uwanja mzima wa mpira. Mpimaji akija siku ya maji mafu akapiga bikoni yake pale maji yalipoishia, ameshampa mwenye kiwanja sehemu ya ardhi ya umma bila mtu kuiba kitu. Nimesikia wazee wa uvuvi wakibishana na ramani kwa jambo hili, na ramani hushinda kwa kuwa ina muhuri.

Tena Katiba imetupa ufuo, haikutupa njia ya kuufikia. Hapa ndipo kwenye kiini cha barua yangu. Kipande cha mchanga kinaweza kuwa cha umma kwenye karatasi huku kimezungukwa na ukuta wa jirani mmoja hadi wa jirani mwingine, na umma hauna mabawa. Kwenye kisiwa kidogo hali ni mbaya zaidi: pa kufikia ni gati moja, na gati ni la mwenye nyumba. Mvuvi anayekumbwa na upepo wa kusi akitaka kuvuta ngalawa yake pwani atafukuzwa na mlinzi ambaye naye, ukimuuliza kwao, ni mtoto wa mvuvi.

Tumewahi kupoteza ardhi kwa njia ya kimyakimya namna hii. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi katika ukanda wa mwambao wajitokeze kuthibitisha madai yao. Ambayo haikudaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Watu waliokuwa wakilima na kuzika hapo hawakuwa na karatasi, au hawakupata habari, na wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota. Njia za kwenda baharini hazikuwa na wa kuzidai, kwa kuwa zilikuwa za kila mtu. Hata leo hazina. Ndiyo sababu nawaomba nyinyi mzidai.

Msidhani nazungumzia mambo ya mbali. Kwale, kusini ya Diani, kuna kisiwa cha Chale. Kilikuwa kaya ya Wadigo, mahali pa matambiko, na sehemu yake imegeuzwa hoteli ya wageni. Tanzania, kaskazini magharibi ya Mafia, kipo kisiwa cha Shungimbili, cha takriban hekta 8. Tangu 2016 kimekuwa makazi ya kukodishwa kizimakizima na kundi moja la wageni, kwa maelfu ya dola kwa usiku, na kwenye matangazo kinaitwa Thanda. Zanzibar, ambako ardhi yote ni ya serikali tangu Mapinduzi ya 1964, kuna sheria ya 2010 ya umiliki wa nyumba za ghorofa ambayo imewawezesha wageni kununua fleti. Na mwishoni mwa 2021 serikali ikatangaza kuvikodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji wa hoteli za hali ya juu. Ndugu zetu wa Unguja wana hoja zao, na uchumi wao ni wa utalii kuliko wetu. Mimi naona walikwenda haraka mno.

Kwa haki, nitaje na Chumbe. Kisiwa hiki cha Zanzibar kinaendeshwa na kampuni binafsi, na miamba yake ya matumbawe ikatangazwa hifadhi mwaka 1994. Kina mabanda 7 tu ya wageni. Wavuvi walifunzwa wakawa walinzi wa miamba, na fedha za wageni husaidia kuwaleta wanafunzi wa shule kuja kusoma juu ya bahari yao wenyewe. Kuvua hapo hakuruhusiwi, na najua wapo walioumia kwa hilo. Lakini mtoto wa shule anaingia. Hiyo peke yake inaonyesha kwamba kisiwa kikiwa chini ya mtu binafsi si lazima kifungwe, ikiwa aliyetoa ruhusa alijua la kudai.

Najua mtakachoambiwa: ajira. Ajira tunazitaka, na asiyezitaka hajawahi kukaa na kijana aliyemaliza chuo cha hoteli akauza maji barabarani. Hoteli zetu za pwani hupunguza watu kila masika yanapoingia, na tumeshazoea kuona mpishi hodari akirudi kuendesha bodaboda mpaka Julai. Basi ulizeni: nyumba ambayo mwenyewe huja wiki chache kwa mwaka itaajiri watu wangapi hizo wiki nyingine? Mkataba unasema nini juu ya masika? Ulizeni pia fedha za kodi zinakwenda wapi. Ushuru wa stempu na kodi ya faida ya mauzo huenda serikali kuu. Kaunti, kwa mujibu wa Katiba, imeachiwa kodi ya majengo na viwanja. Kwa hiyo nyumba zikiuzwa kwa mabilioni, keki inakatwa Nairobi, na taka zinazolewa na Mombasa.

Na maji! Kisiwa hiki kinakunywa maji kutoka Mzima na Baricho, safari ya kilomita nyingi, na yanayofika hayatoshi hata nusu ya mahitaji. Kuna mitaa inayonunua kwa mkokoteni mwaka mzima. Anayekuja na mabwawa ya kuogelea juu ya kila paa aonyeshe atakapoyatoa maji, na kama ni ya kuchuja chumvi, aonyeshe ile chumvi iliyobaki ataimwaga wapi. Samaki hawasomi matangazo.

Mtu anaweza kusema mahakama zipo. Zipo, na zimewahi kutufaa. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kutokana na ujenzi wa bandari mpya. Hukumu ile ilitambua kwamba uvuvi wa jadi ni haki, sio fadhila. Lakini kesi ilifunguliwa mwaka 2012. Miaka 6 ni mingi kwa mtu anayekula kwa alichovua jana, na hata hukumu ikitoka, fedha haimrudishii mtu mahali pake pa kutegea malema.

Waheshimiwa, mnayo mamlaka ambayo mahakama haina: ya kutangulia. Mipango ya matumizi ya ardhi, vibali vya ujenzi na bajeti ya kaunti hupita kwenu au kwa watendaji mnaowasimamia. Nawaomba mpitishe sheria ya kaunti isemayo kwamba hakuna nyumba ya ufuoni au ya kisiwani itakayopewa kibali kabla ya njia ya umma ya kwenda baharini kuchorwa kwenye ramani ya upimaji na kuandikwa ndani ya hati yenyewe, ili kila anayeuziwa baadaye aikute. Ahadi ya mdomoni siku ya kukata utepe isihesabiwe. Bikoni za upande wa bahari zipigwe siku ya bamvua, mbele ya wavuvi wa mahali hapo, na majina yao yawe kwenye ripoti. Kila bandari ya wavuvi iliyopo, hata ikiwa ni ya mitumbwi mitatu, iorodheshwe sasa hivi, kabla haijawa na thamani kwa mtu mwingine. Liwatoni iwe ya kwanza kwenye orodha hiyo, maana ardhi ya serikali iliyo kando ya bahari ndiyo hutoweka kwa urahisi zaidi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilishatueleza viwanja vya umma nchini hugawiwa vipi.

Jingine ni la lugha. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi, Ibara ya 7. Ripoti za athari za mazingira huletwa kwetu kwa Kiingereza cha wataalamu, kurasa mamia, na mkutano wa maoni hufanyika kwenye ukumbi wa hoteli ambako mvuvi akiingia na kandambili zake hutazamwa kama amepotea njia. Mkutano ufanyike Liwatoni penyewe, na Likoni, baada ya alasiri wavuvi wakiwa wamerudi, na muhtasari wa Kiswahili uwe umeshasambazwa. Sio gharama kubwa.

Wako watakaosema masharti haya yatawafukuza wawekezaji. Mimi siamini. Hata kwenye Barabara ya Mama Ngina, mbele ya bahari yenye thamani kuliko zote kisiwani, serikali ilitengeneza upya eneo la umma likafunguliwa Oktoba 2019, na kila jioni watu hukaa pale na madafu na mihogo yao wakitazama meli zikiingia. Hakuna aliyesema ardhi ile imepotea bure. Atakayekataa kujenga kwa sababu tu mvuvi ana njia ya futi chache pembeni ya ukuta wake, huyo alikuwa anataka kununua kitu ambacho hatukuwa tunauza.

Naomba suala hili liletwe mbele ya kamati yenu ya ardhi na mipango ya miji kabla ya bajeti ijayo, na wavuvi wa Liwatoni, Likoni na Mji wa Kale waitwe kutoa maoni. Wakiitwa, watakuja.

Wenu katika kuijenga Mombasa,

Mkaazi wa Liwatoni